Kuambiwa "Jikaze" Hakutoshi

Katika ukurasa huu nataka tuzungumze juu ya neno moja ambalo kila mmoja wetu amelisikia tangu utotoni. Neno lenyewe ni "jikaze". Ukilia, jikaze. Ukianguka hesabu, jikaze. Karo ikikosa, jikaze. Baba na mama wakigombana usiku kucha, wewe jikaze tu, na kuna hata wanaoongeza "kisabuni" ili ucheke kidogo kabla ya kuendelea kuumia.

Mimi sipingi kujikaza. Asiyejikaza hawezi kupanda milima yetu hii akiwa na kikapu cha majani chai mgongoni. Ninalouliza ni hili: ni nani aliyetufundisha namna ya kujikaza? Hesabu tunafundishwa hatua kwa hatua. Ngonjera tunafundishwa mpaka mahali pa kuvuta pumzi. Lakini moyo ukijaa, tunapewa neno moja tu na kuachwa njiani. Maoni yangu ni kwamba ustahimilivu wa moyo ni somo kama masomo mengine. Huanza na mtu kujitambua, huhitaji mwongozaji, na shule yetu ya kutwa inafaa kuutengea wakati, mahali na watu.

Mizigo ya mwanafunzi wa kutwa

Watu wengi hudhani kwamba matatizo ya moyo ni ya shule za bweni. Sababu inaeleweka. Mwezi wa Machi 2001, wavulana 67 walikufa bwenini katika moto wa Kyanguli, Machakos, na wanafunzi ndio walioshtakiwa kwa kuuwasha. Septemba 2017, wasichana 10 walikufa katika moto wa bweni la Moi Girls, Nairobi. Misiba kama hiyo ilifanya taifa zima liulize wanafunzi wana nini mioyoni. Sisi wa kutwa hatuna bweni la kuchomwa, basi hudhaniwa kwamba tuko salama. Ati tunalala kwa mama, tuna shida gani?

Jamani, hebu tuangalie. Mwanafunzi wa bweni huacha ya nyumbani nyumbani, angaa kwa muhula. Sisi hubeba ya nyumbani kuja shuleni asubuhi na kubeba ya shuleni kurudi nyumbani jioni, kila siku ya Mungu. Wako miongoni mwetu wanaoamka saa kumi na moja alfajiri wakamue ng'ombe, kisha watembee kwenye matope na ukungu ili wafike kabla ya kengele. Jioni mama yuko kwenye kituo cha kuuzia majani akingoja lori, na kila mwenye chai anajua lori hilo linaweza kuja usiku wa manane. Aliye mkubwa nyumbani ndiye atakayepika kimnyet, awaogeshe wadogo, ndipo afungue kitabu. Asubuhi akisinzia darasani huitwa mvivu.

Halafu kuna mambo ya chai yenyewe. Mvua ya mawe ikishuka kwa muda mfupi tu, shamba lote hubaki vijiti, na mwezi huo hakuna cha kupeleka kituoni. Mwezi wa Oktoba ndio wa bonasi, na bonasi ndiyo karo, ndiyo deni la dukani, ndiyo sare mpya. Mwaka wa 2025 wakulima wengi wa Kericho na Bomet walilalamika kwamba bonasi ilikuwa ndogo mno kuliko ya wenzao wa mashariki ya Bonde la Ufa. Wazazi wanaochuma katika mashamba makubwa nao wana hofu yao: mashine moja hufanya kazi ya mikono mingi. Hofu hiyo iligeuka hasira mwezi wa Mei 2023, na mashine za kuchumia chai zikateketezwa hapa Kericho. Hasira ya mtu mzima haibaki shambani. Huja nayo mpaka mezani, na mtoto akaila pamoja na mboga.

Zaidi ya hayo, sisi wa Kidato cha Tatu mwaka huu wa 2026 tuna mzigo wetu wa pekee. Sisi ndio tulioufanya mtihani wa mwisho wa KCPE mwaka wa 2023, na sisi ndio watahiniwa wa mwisho wa 8-4-4 tutakaoketi KCSE mwaka wa 2027. Wanaotufuata ni wa Gredi ya 10, wenye mtaala tofauti. Kila siku tunakumbushwa kwamba hakuna darasa nyuma yetu la kurudia. Maneno hayo husemwa kwa nia njema, tuongeze bidii. Lakini yameingia ndani ya vichwa vya wengine wetu yakakaa huko kama jiwe.

Ofisi ipo, lakini nani ataingia?

Mwaka wa 2001 serikali ilipiga marufuku kiboko shuleni, na sheria ya elimu ya mwaka wa 2013 ikarudia katazo hilo. Mahali pa kiboko palipaswa kujazwa na mwongozo na ushauri nasaha. Ndiyo maana ukizunguka shule za wilaya zetu utakuta mlango ulioandikwa jina la idara hiyo. Hongera kwa waliouandika! Shida ni kwamba mlango ni kitu kimoja na kuingia ni kitu kingine.

Nimeongea na marafiki wanaosoma katika shule mbalimbali na wengi wao huniambia jambo moja. Kwao, kwenda kwa ushauri ni kupelekwa. Hupelekwa aliyepigana, aliyechelewa mara tatu, aliyekutwa na barua ya mapenzi. Hutoka hapo akaandika barua ya kuomba msamaha. Kwa hivyo, mwanafunzi akionekana kwenye kiti cha nje ya mlango huo, darasa zima huuliza, "Amefanya nini?" Hakuna anayeuliza, "Ana nini?" Maswali hayo mawili yanafanana kwa sauti, lakini yako mbali kama Londiani na Sotik.

Walimu wetu msinielewe vibaya. Mwalimu mshauri naye ana vipindi vyake vya kufundisha, ana madaftari ya kusahihisha, na katika shule nyingine yeye huyo huyo ndiye wa nidhamu. Amepewa kofia mbili avae kichwa kimoja. Ukiwa mwanafunzi, utamweleza vipi saa nne kwamba unavuta sigara kwa sababu ya huzuni, na saa sita yeye ndiye anayetafuta wavutaji sigara? Mficha uchi hazai, wahenga walisema. Lakini pia hakuna anayejifungua katikati ya gulio.

Kujitambua: Kiswahili kitusaidie

Hapa ndipo nataka kukigeukia chama chetu hiki cha Kiswahili. Sisi tunajua maneno. Mwalimu akitupa insha ya msiba, kurasa hujaa majonzi, simanzi, jitimai, fadhaa, kihoro, ghadhabu, kinyongo, soni na majuto. Tunayapanga vizuri ili tupate alama. Lakini mwenzako akikuuliza kwenye njia ya kwenda nyumbani, "Uko aje?" jibu ni moja: "Niko poa." Mambo yakizidi sana, utasema, "Niko na stresi." Utajiri wote ule wa maneno tunawapa watu wa kubuni kwenye insha, nasi wenyewe tunabaki na maneno mawili!

Si jambo la mchezo. Mtu akisema ana stresi hajui bado ana nini. Labda ana hofu ya mtihani. Labda ana aibu kwa sababu viatu vimepasuka. Labda ana wivu, au ana kinyongo na baba, au ana huzuni ya kufiwa ambayo hakupewa nafasi ya kuililia. Kila moja ya hizo ina dawa yake. Hofu ya mtihani hupunguzwa kwa ratiba na mwalimu wa somo. Aibu ya viatu hupungua ukijua hauko peke yako. Kinyongo hutaka mazungumzo. Huzuni ya kufiwa hutaka muda na watu wa kukaa nawe. Ukiziita zote stresi, utakuwa kama mganga anayetoa mzizi mmoja kwa kila ugonjwa.

Kujitambua, basi, ni kuweza kujiuliza na kujijibu kwa ukweli. Napendekeza maswali manne, nayo yanaweza kuandikwa nyuma ya daftari lolote. Mosi, ninahisi nini hasa? Pili, ninakihisi wapi mwilini: kifuani, tumboni au kichwani? Tatu, kimeanza lini na kimeletwa na nini? Nne, kati ya mambo haya, ni lipi naweza kulibadilisha na ni lipi siwezi? Bonasi siwezi kuibadilisha. Mvua ya mawe siwezi kuizuia. Lakini ninaweza kumwambia mwalimu kwamba nyumbani hakuna taa. Ninaweza kumwomba ndugu yangu apike Jumanne na Alhamisi.

Hata mwili wenyewe una kanuni zake. Hasira au hofu inapokuja, homoni iitwayo adrenalini humwagwa katika damu, moyo huenda mbio na misuli hukaza, mwili ukijiandaa kupigana au kukimbia. Wakati huo si wa kutoa uamuzi. Pumzi ndefu, ukitoa hewa polepole kuliko ulivyoiingiza, husaidia moyo kutulia, kisha akili hurudi nyumbani. Hasira hasara, tunaimba tangu darasa la nne, lakini ni wangapi tumeonyeshwa la kufanya katika dakika ile ambayo hasira imefika?

Hakuna aliyevumilia peke yake

Najua kuna watakaosema: "Haya ni mambo ya wazungu na watu wa mjini. Wazee wetu hawakuwa na ushauri nasaha na waliishi." Kwa heshima, wazee wangu, nakataa. Sisi Wakipsigis tunajua vizuri kwamba mvulana aliyepelekwa jandoni hakuambiwa ajikaze kisha akaachwa peke yake. Alikuwa na motiriot. Huyo ni mtu mzima, au kijana aliyetangulia, aliyechaguliwa kumwongoza, kumfundisha, kumtazama anavyokula na anavyolala, na kuheshimiwa naye maisha yake yote. Yanayofundishwa huko hayaandikwi katika jarida, na sitayaandika. Ninalosema ni hili tu: katika siku zile za ujasiri mkubwa kabisa, mila haikumwacha kijana bila mwongozaji. Ujasiri ulikuwa na mwalimu.

Tulichofanya sisi wa leo ni kulichukua neno "jikaze" na kumwacha motiriot nyuma. Kwa dada zetu hali ni ngumu zaidi. Ukeketaji ulipigwa marufuku na sheria ya mwaka wa 2011, na hilo ni jema kabisa. Lakini je, yule mama wa kumkalisha msichana chini na kumweleza juu ya maisha, amewekwa wapi badala yake? Kisu kiende, mwongozo ubaki.

Na si wazee wetu tu. Hapa Kenya kuna shirika liitwalo Shamiri, neno lenye maana ya kustawi, lililoanzishwa na Mkenya Tom Osborn na wenzake. Wao hawakungoja madaktari, maana madaktari wa akili nchini ni wachache. Waliwachukua vijana waliomaliza sekondari majuzi, wakawafunza, wakawatuma shuleni kuongoza vikundi vidogo vya wanafunzi, saa moja kwa wiki, kwa wiki 4. Walizungumza juu ya mambo ya kawaida: kwamba mtu anaweza kubadilika na kukua, kwamba shukrani ina nguvu, na kwamba kila mtu ana mambo anayoyathamini ya kumwongoza. Utafiti wao uliochapishwa mwaka wa 2021, uliohusu wanafunzi 413, ulionyesha kwamba dalili za huzuni nzito na wasiwasi zilipungua zaidi kwa waliokuwa katika vikundi hivyo kuliko kwa wenzao waliofundishwa mbinu za kusoma tu. Saa nne tu, ndugu msomaji! Ni chache kuliko mechi tatu za kandanda.

Kule Zimbabwe nako, daktari Dixon Chibanda alianza mwaka wa 2006 kuwafunza akina nyanya wa Harare kuketi na wagonjwa kwenye benchi la mbao nje ya zahanati. Nyanya husikiliza, huuliza, kisha wawili hao huchagua shida moja ya kuanza nayo. Washona wana neno lao, kufungisisa, yaani kufikiri kupita kiasi, na nyanya walilitumia hilo badala ya majina ya hospitali. Benchi hilo limefika mpaka Zanzibar. Kama benchi na bibi mwenye mafunzo vinaweza kuinua mtu, sisi hapa tunakosa nini? Miti ya kivuli tunayo. Mbao tunazo. Bibi tunao.

Wengine watasema kwamba taabu humkomaza mtu, na kumbembeleza kijana ni kumlegeza. Nawajibu kwa mfano wa shambani. Mchai hupogolewa kila baada ya miaka michache. Hukatwa mpaka ukadhani umekufa, kisha huchipua kwa nguvu. Ni kweli! Lakini hakuna mkulima anayemwita mpita njia aje apogoe chai yake. Hupogolewa na mkono unaojua kimo na wakati wake, na baadaye hutiwa mbolea. Mchai uliokatwa ovyo hukauka. Taabu peke yake haikomazi mtu. Humkomaza mtu mwenye wa kumshika mkono.

Yanayoweza kufanyika hapa

Nisije nikalaumiwa kwa kulalamika bila kupendekeza, nayaweka haya mbele ya walimu wetu na bodi ya shule.

Kwanza, tupewe kipindi kimoja kwa wiki cha kujitambua, ndani ya ratiba. Nasema ndani ya ratiba kwa sababu sisi ni wa kutwa. Kikiwekwa baada ya saa kumi, wanaokaa mbali na wale wenye ng'ombe wa kukamua hawatakuja, na hao ndio wenye mizigo mikubwa zaidi.

Pili, ofisi ya ushauri itenganishwe na ofisi ya nidhamu. Mwalimu wa hii asiwe wa ile. Anayetaka kuongea aweze kwenda bila kupelekwa.

Tatu, wanafunzi wetu wa zamani wanaongoja kujiunga na vyuo wako huku vijijini wakichuma chai. Wachache waaminifu wafunzwe, wavulana na wasichana, waongoze vikundi. Wao wamepita njia hii majuzi, wanajua mahali penye matope. Lakini wafunzwe kweli na wasimamiwe na mwalimu mshauri, maana nia njema bila mafunzo inaweza kumuumiza mtu.

Nne, siri itunzwe, na mipaka yake ielezwe mapema. Mwanafunzi aambiwe wazi: utakayosema yatabaki hapa, isipokuwa maisha yako au ya mtu mwingine yakiwa hatarini, au kama kuna anayekudhulumu. Hapo mtu mzima mwenye uwezo lazima aambiwe.

Tano, siku ya wazazi isiwe ya alama tu. Nusu saa itengwe ya kuwaeleza wazazi kwamba mtoto aliyenyamaza ghafla, asiyelala, asiyekula, aliyeacha marafiki, pengine hana kiburi. Pengine anaumwa mahali pasipoonekana.

Nanyi wanafunzi wenzangu, kuna kazi yetu pia. Tuache kumcheka anayeingia mlango ule. Ukimwona mwenzako amebadilika, muulize mara mbili, maana mara ya kwanza atasema yuko poa. Akikuambia kwamba amechoka kuishi, usimwahidi kuficha, na usimwache peke yake. Mpeleke kwa mtu mzima unayemwamini, na hospitali ikihitajika, ya Kaunti pale Kericho ipo na ya Longisa kule Bomet ipo. Nambari 116 ya kuwasaidia watoto hupigwa bila malipo, mchana na usiku. Asiogope sheria. Zamani kujaribu kujiua kulikuwa kosa la kumfunga mtu hadi miaka 2, lakini Januari 2025 Mahakama Kuu ilitamka kwamba kifungu hicho, cha 226, kinakwenda kinyume na Katiba. Hata sheria imeanza kuelewa kwamba anayeumia hastahili pingu.

Wapo watakaonung'unika kwamba vipindi havitoshi na silabasi haijaisha. Naam, haijaisha. Lakini mwanafunzi ambaye akili yake imebaki nyumbani, hata ukimaliza silabasi mara mbili, hayupo darasani. Ameketi tu. Ukimrudisha akili kwa saa moja, saa zile nyingine zote za wiki zitafaa.

Ombi langu la mwisho ni kwa chama chetu. Tusingoje bodi ikutane. Muhula ujao, mkutano mmoja wa chama usiwe wa mjadala wala mashairi. Tukae chini ya mti, kila mtu achague neno moja la Kiswahili linalotaja hali ya moyo wake siku hiyo, na atakayetaka aseme kwa nini. "Poa" na "stresi" yasikubaliwe. Mwalimu mlezi wetu akiwa tayari, aanze yeye.

Tafakarini hayo, wenzangu.